Terminali yenye mandharinyuma angavu kwenye Linux: kwa nini yako imebaki nyeusi, na kwa nini maandishi yamefifia

Swali: Nimehama kutoka eneokazi la KDE Plasma kwenda i3, programu nyepesi ya kupanga madirisha, zote kwenye X (yaani X11, seva inayochora madirisha). Kule terminali yangu, Konsole, ilikuwa angavu, nikawa naona kivinjari kilicho nyuma yake. Huku nimeweka terminali ya Alacritty, nikaandika `opacity = 0.8` kwenye mipangilio, lakini dirisha ni jeusi tii. Nikajaribu terminali nyingine, urxvt, ikaonesha picha ya eneokazi tu, si dirisha lililo nyuma. Mwenzangu akanishauri niwashe picom na kuiwekea terminali kanuni ya asilimia 70. Sasa nyuma panaonekana, ila hata maandishi yamefifia na macho yananiuma. Nakosea wapi?

Jibu: Mipangilio yako ya Alacritty ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichokosekana ni programu ya kuitekeleza, na ulipoipata, yaani picom, ukaipa kazi ambayo Alacritty ilikuwa tayari imeifanya. Hayo matatu uliyoyaona, weusi, picha ya eneokazi na maandishi yaliyofifia, yana sababu tatu tofauti. Ukizielewa, hutahitaji tena kubahatisha mipangilio ya mtu mwingine.

Tuanze na weusi. X11 ilitoka mwaka 1987, na katika muundo wake wa awali kila pikseli ya skrini ilikuwa ya dirisha moja tu. Dirisha la juu likichora, limechora. Ile sehemu ya dirisha la chini iliyofunikwa haihifadhiwi popote. Ukilisogeza la juu, seva huipa taarifa programu ya chini kwamba imefunuliwa, nayo huchora upya. Maana yake ni kwamba terminali ikitaka kuonesha kilicho nyuma yake, hakuna cha kuonesha, kwa sababu pikseli hizo hazipo.

Mabadiliko yalikuja na X.Org 6.8 mwaka 2004, ilipoongezwa sehemu iitwayo Composite. Hapo kila dirisha liliweza kuchora kwenye kumbukumbu yake pembeni, kisha programu moja, kompozita, ikayakusanya yote na kuyapanga kwenye skrini. Kompozita ndiyo inayosoma kile kipimo cha alfa ambacho kila pikseli hubeba, na kuamua ni kiasi gani cha rangi ya chini kipenye. Keith Packard aliandika xcompmgr kama mfano wa mwanzo wa kompozita. Kutoka kwake ikachipuka compton, na kutoka compton ikaja picom unayoitumia leo.

KWin ya Plasma ina kompozita ndani yake, vivyo hivyo Mutter ya GNOME na Xfwm4 ya Xfce. i3 haina, wala Openbox. Kwa hiyo Alacritty yako ilipokuwa ikituma pikseli zenye alfa ya 0.8, hapakuwa na wa kuisoma hiyo alfa. Rangi ikawekwa kwenye skrini kama ilivyo, ukaona weusi.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha uko wapi:

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
pgrep -a picom
```

Amri ya kwanza ikijibu `x11`, kompozita ni jambo la kuwashwa au kuzimwa, na ya pili itakuonesha kama picom iko hai. Ikijibu `wayland`, mfumo mbadala wa X, acha picom kabisa: huko seva yenyewe ndiyo kompozita, haizimiki, na picom haina kazi. Wanaotumia Xfce wana mtego wao, maana kompozita ipo lakini huenda imezimwa. Waulize hivi:

```
xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing
```

Jibu likiwa `false`, rudia amri hiyo ukiongeza `-s true` mwishoni.

Sasa urxvt. Hii ilikuonesha picha ya eneokazi kwa sababu haikuwa ikionesha nyuma hata kidogo. Programu zinazoweka picha ya eneokazi, kama feh, huacha kwenye dirisha la mzizi, lile la chini kabisa linalojaza skrini, alama iitwayo `_XROOTPMAP_ID`, inayoelekeza kwenye picha ile. Ukiweka `URxvt.transparent: true`, urxvt huichukua picha hiyo, hukata kipande kinacholingana na mahali dirisha lilipo, na kukibandika chini ya maandishi. Ukilisogeza dirisha hukata kipande kingine. Kivinjari hakimo kwenye picha ya eneokazi, ndiyo maana hukukiona. aterm na Eterm zilitumia mbinu hiyohiyo enzi ambazo Composite haikuwapo. Mimi bado naiona ni mbinu ya kuheshimiwa: haihitaji kompozita, haili kadi ya michoro, na kwenye kompyuta ya zamani inaleta uzuri uleule kwa mtu anayetaka kuiona picha yake tu. Ila ukitaka urxvt ioneshe nyuma kikweli, kompozita ikiwa hai, ondoa ule mstari wa `URxvt.transparent` na uweke hii kwenye `~/.Xresources`:

```
URxvt.depth: 32
URxvt.background: [85]#000000
```

Ile 85 kwenye mabano ni asilimia ya ukolevu, yaani kiasi ambacho rangi inaziba kilicho nyuma. Kisha `xrdb -merge ~/.Xresources`, na ufungue dirisha jipya.

Tufike kwenye maandishi yaliyofifia, ambalo ndilo jambo kubwa zaidi katika swali lako.

Kuna njia mbili za kulifanya dirisha la terminali liwe angavu. Ya kwanza hufanywa na terminali yenyewe: pikseli za mandharinyuma hupewa alfa ndogo, pikseli za herufi huachwa na alfa kamili. Ya pili hufanywa na kompozita kutoka nje: inaambiwa "dirisha hili zima lipake kwa asilimia 70". Kompozita haijui herufi ni ipi na mandharinyuma ni ipi. Kwake dirisha ni picha moja, hivyo hufifisha yote. Kanuni uliyopewa ni ya njia ya pili. Ukiitumia juu ya Alacritty ambayo tayari ina 0.8, namba huzidishwa: mandharinyuma yako sasa ni 0.8 mara 0.7, yaani 0.56, na herufi zako ni 0.7. Umepata dirisha hafifu kuliko ulivyoomba na maandishi ambayo hukuomba yaguswe.

Msimamo wangu hapa hauyumbi. Terminali yoyote yenye uwezo wa kufanya mandharinyuma yake angavu iachiwe ifanye yenyewe, na kompozita isiiguse. Kanuni ya kompozita iwe kwa programu isiyo na uwezo huo, kama xterm, tena kwa kiwango cha juu, 90 au zaidi.

Fungua `~/.config/picom/picom.conf`, futa ile kanuni ya asilimia 70, na uanze na kidogo hiki:

```
backend = "glx";
vsync = true;
inactive-opacity = 1.0;
```

Huo mstari wa `inactive-opacity` una sababu. Mipangilio mingi inayosambazwa huuweka 0.8 au chini zaidi, na kila dirisha ambalo huliandikii hufifia pamoja na herufi zake. Mtu anayesoma maelekezo kwenye dirisha moja huku akiandika kwenye lingine anaumia bila kujua kwa nini. Kama unaendesha ndani ya mashine pepe au kadi ya michoro ni dhaifu, badilisha `"glx"` iwe `"xrender"`.

Kisha kwenye usanidi wa i3 ongeza mstari wa kuiwasha:

```
exec --no-startup-id picom -b
```

Na Alacritty, kwenye `~/.config/alacritty/alacritty.toml`:

```
[window]
opacity = 0.88
```

Ukihifadhi faili, Alacritty hujisomea upya papo hapo. Toleo la 0.13 ndilo lililohamia kwenye muundo huu wa TOML; kabla ya hapo mipangilio ilikuwa faili la YAML, kwa hiyo maelekezo ya zamani utakayoyakuta hayatakubali ukiyanakili yalivyo.

Kama bado unaona weusi baada ya hayo yote, angalia jambo dogo ambalo husahaulika: i3 haikuwekei picha ya eneokazi. Huenda dirisha lako ni angavu kweli, na kilicho nyuma yake ni skrini tupu nyeusi. Weka picha kwa `feh --bg-fill` ukifuatisha jina la faili, utaona tofauti mara moja.

Kwa nini nimeandika 0.88 na si 0.8 yako? Hapa naomba unisikilize, kwa sababu watu wengi huchagua namba hii kwa kutazama picha nzuri ya eneokazi la mwingine, kisha wanaketi mbele yake saa nane kwa siku. Chukua hali ngumu kuliko zote: mandharinyuma meusi, na nyuma yake ukurasa mweupe wa kivinjari. Kwa ukolevu wa 0.85, weusi wako unakuwa kijivu kilichokolea, takriban `#262626`, na maandishi meupe juu yake yana utofauti wa mwangaza wa takriban 15 kwa 1. Hiyo ni salama kabisa. Kwa 0.5 mandharinyuma yanakuwa `#808080`, na utofauti unashuka hadi chini kidogo ya 4 kwa 1, ilhali kiwango cha WCAG, mwongozo wa ufikivu wa wavuti, kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Na hayo ni maandishi meupe, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko yote.

Terminali haiandiki kwa nyeupe peke yake. Chukua bluu ya asili ya xterm, `#0000EE`. Juu ya nyeusi kamili utofauti wake ni 2.2 kwa 1, tayari ni mdogo. Ukilegeza hadi 0.85 juu ya ukurasa mweupe unashuka hadi 1.6, na kwa 0.7 unabaki 1.1, yaani herufi zimemezwa. Bluu ndiyo rangi ambayo `ls` hutumia kwa majina ya folda. Mtu anaiona orodha yenye mapengo na kudhani ni hitilafu. Kwa hiyo unapolegeza ukolevu, panga na rangi. Bluu nyepesi kama hii inabaki na utofauti wa zaidi ya 6 kwa 1 katika 0.85 hiyohiyo:

```
[colors.normal]
blue = "#6fa8ff"
```

Kipimo ninachokitumia ni rahisi: ukiweza kusoma sentensi iliyo kwenye dirisha la nyuma, umelegeza kupita kiasi. Unachotaka ni kujua kwamba nyuma kuna kitu, rangi yake na umbo lake, basi. Kwangu hilo hutokea kati ya 0.85 na 0.93, kutegemea picha. Picha yenye giza na isiyo na mistari mingi hukuruhusu kushuka zaidi. Picha ya jiji usiku lenye taa elfu itakusumbua hata kwa 0.9.

Kuna jambo la i3 ambalo Plasma haikukuonesha. i3 hupanga madirisha kando kwa kando, hayalaliani. Nyuma ya terminali iliyopangwa hivyo hakuna kivinjari, kuna picha ya eneokazi peke yake, hata kompozita ikiwa kamilifu. Ili uone dirisha jingine nyuma, terminali lazima ielee: bonyeza Mod, Shift na kitufe cha nafasi. Upande wa pili wa hilo ni mpangilio wa vichupo. Ukiweka madirisha kwenye vichupo, yale yaliyofichwa yanaweza kuonekana kupitia terminali angavu, tena yote kwa pamoja yakirundikana, na hilo huwakera watu hasa. i3 huyatia madirisha hayo alama kwamba yamefichwa, na picom inaweza kuisoma:

```
opacity-rule = [
  "0:_NET_WM_STATE@[0]:32a *= '_NET_WM_STATE_HIDDEN'",
  "0:_NET_WM_STATE@[1]:32a *= '_NET_WM_STATE_HIDDEN'",
  "0:_NET_WM_STATE@[2]:32a *= '_NET_WM_STATE_HIDDEN'"
];
```

Mistari imerudiwa kwa sababu dirisha moja huweza kuwa na alama kadhaa, na ile ya kufichwa si lazima iwe ya kwanza. Hii ni kazi halali ya kanuni ya kompozita, kwa kuwa dirisha lililofichwa halina maandishi unayohitaji kuyasoma.

Ukitaka ukungu nyuma ya terminali kama ule wa Konsole, kwenye picom ni mistari miwili:

```
blur-method = "dual_kawase";
blur-strength = 5;
```

Ukungu si pambo tu. Unaondoa kingo kali za kilicho nyuma, na kingo hizo ndizo zinazoshindana na herufi zako. Kwa ukungu unaweza kushuka hadi 0.8 uliyoitaka mwanzoni na bado ukasoma vizuri. Lakini una gharama. Dirisha lisilopitisha chochote huipa kompozita nafasi ya kutochora kabisa kilichofunikwa. Dirisha angavu hulazimisha cha chini kichorwe na kuchanganywa kila kinapobadilika, na ukungu unaongeza mizunguko mingine ya hesabu juu yake. Video ikicheza nyuma ya terminali yenye ukungu, kazi hiyo hurudiwa fremu kwa fremu. Kwenye laptopu iliyo kwenye betri mimi huzima ukungu kwanza kabla ya kugusa uwazi. Fahamu pia kwamba ulainishaji wa herufi unaotumia vijipande vya rangi ndani ya pikseli hauendi vizuri na mandharinyuma ambayo rangi yake haijulikani mapema, hivyo baadhi ya terminali hurudi kwenye ulainishaji wa kijivu. Ukiona herufi zimekuwa nyembamba kidogo kwenye skrini ya azimio la chini, huenda chanzo ni hicho.

Kwa terminali nyingine nitapita haraka. kitty hutumia `background_opacity 0.88` kwenye `kitty.conf`, ukiongeza `dynamic_background_opacity yes` unaweza kuongeza ukolevu kwa kubonyeza Ctrl+Shift+A kisha M, na kupunguza kwa Ctrl+Shift+A kisha L, jambo zuri sana unapohitaji kunakili kitu kutoka dirisha la nyuma. WezTerm ni `window_background_opacity`, Ghostty ni `background-opacity`. Kwenye Konsole kipimo hakikai kwenye wasifu moja kwa moja, kinakaa ndani ya mpango wa rangi, kwa hiyo ukibadilisha mpango wa rangi uwazi unapotea na watu hushangaa. Terminali ya Xfce ina chaguo lake kwenye ukurasa wa mwonekano wa mapendeleo. GNOME Terminal ina historia ya pekee: waandishi wake waliliondoa chaguo hili, lakini Debian, Ubuntu na Fedora zikalirudisha kwa kiraka chao, ndiyo maana mtu mmoja analo na mwingine hana ilhali programu ina jina lilelile. Na kwenye Sway, mwenzake i3 kwenye Wayland, kuwa mwangalifu: amri yake ya `opacity` ni ile njia ya pili, inafifisha dirisha zima.

Ukishaweka yote sawa, utafungua kihariri cha Vim na kukuta mraba mweusi mzito katikati ya terminali yako angavu. Terminali hulegeza rangi yake ya msingi ya mandharinyuma tu. Programu ikiomba rangi mahususi chini ya herufi, inapewa rangi hiyo kamili, na mipango mingi ya rangi ya Vim hufanya hivyo kwa kila mstari. Alacritty ina chaguo la `transparent_background_colors` chini ya `[colors]` linalolegeza hata rangi hizo, lakini silipendekezi, kwa sababu litafifisha pia mistari ya hali yenye rangi ambayo inapaswa kujitokeza. Afadhali umwambie Vim asipake rangi ya msingi. Weka mstari huu kwenye `~/.vimrc`, juu ya ule unaochagua mpango wa rangi, maana ukiwa chini yake hautashika pale Vim inapofunguka:

```
autocmd ColorScheme * highlight Normal ctermbg=NONE guibg=NONE
```

Namba za mistari zikibaki na mraba wake, rudia mstari huo ukibadilisha `Normal` iwe `LineNr`. Na sehemu tupu iliyo chini ya mwisho wa faili huitwa `EndOfBuffer`.